Tuhesabu Pesa za Nyumbani Bila Presha



Ukifika kwenye mkutano wa kikundi cha akiba huku kwetu Kitui, utaona mambo yakienda kwa utaratibu. Sanduku linaletwa katikati. Wenye funguo tatu wanalifungua. Mweka hazina anahesabu kwa sauti, katibu anaandika, na wote wanasikia ni shilingi ngapi ziko na ni nani anadaiwa. Hesabu ikikwisha, sanduku linafungwa na watu wanaendelea na mambo mengine. Hakuna aliyepandwa na presha.

Sasa jiulize: nyumbani kwako hesabu ya namna hii ilifanywa lini mara ya mwisho? Wengi wetu tutajibu, "Siku ile mtoto aliporudishwa kwa sababu ya karo," au "Siku ile mwenye duka alipokuja mpaka mlangoni." Yaani tunahesabu wakati nyumba imeshashika moto. Ndiyo maana katika nyumba nyingi neno "hesabu" limekuwa jina lingine la ugomvi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupeleka nyumbani ule utulivu wa kikundi. Hauhitaji kuwa umesoma sana. Ni dakika 20 kwa wiki, daftari moja, na maswali matatu.

KWA NINI TUNAOGOPA KUANGALIA

Mtu mwenye deni hujua moyoni kwamba deni lipo, lakini mara nyingi hajui limefika kiasi gani. Na kitu usichokijua kipimo chake huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Basi anakwepa. Anapita njia ya nyuma asionekane na mwenye duka. Simu ikilia, hasomi ujumbe. Akikwepa wiki nne, deni limekua kweli, na uoga nao umekua. Siku atakapolazimika kuangalia, ataangalia kwa hasira, akitafuta mtu wa kulaumu.

Katika kazi yangu nimeketi na familia nyingi zilizogombana kwa sababu ya pesa. Mara nyingi ugomvi hauanzi kwa vile pesa ni kidogo. Unaanza kwa sababu mmoja amegundua leo jambo ambalo mwenzake amelijua tangu mwezi uliopita. Uhaba wanaweza kuuvumilia pamoja. Kushtuliwa ndiko kunakowavunja.

Kuna pia hasara ya mfukoni. Huku kwetu ndengu za mvua ya Oktoba hadi Desemba huvunwa karibu na wakati ambapo shule zinafunguliwa Januari. Mtu anayejua tangu Novemba kwamba atahitaji shilingi 8,000 za karo ana nafasi ya kupanga. Anaweza kuuza mbuzi mmoja mapema, kuomba mkopo wa kikundi, au kwenda shuleni kuzungumza alipe kidogo kidogo. Lakini yule anayegundua wiki ya kufungua shule atauza gunia lote kwa mnunuzi wa kwanza, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Mvua ya Machi ikikaribia, yeye huyo huyo anatafuta mbegu ya ndengu kwa bei ya juu. Mvua imenyesha vizuri na shamba limetoa vizuri, lakini kwa kukosa kuangalia mapema, faida imekwenda kwa mtu mwingine.

KIKUNDI KINAJUA SIRI GANI?

Mtindo huu wa sanduku lenye kufuli tatu si wa zamani sana. Ulianza mwaka 1991 nchini Niger, Afrika Magharibi, kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Kutoka huko ulienea katika nchi nyingi za Afrika pamoja na Kenya yetu. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma, lakini pesa zao hazikupotea njiani. Kwa nini? Tazama mambo manne:

Kwanza, siku inajulikana. Hakuna anayeitwa kwa dharura.

Pili, mpangilio ni ule ule. Kila mtu anajua kinachofuata, kwa hiyo hakuna anayeogopa.

Tatu, pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Hakuna habari ya "nilisikia" au "nadhani".

Nne, mkutano una mwisho. Sanduku likifungwa, maneno ya pesa yamekwisha mpaka mkutano ujao.

Mambo haya manne yanaweza kufanywa na watu wawili mezani, au na mama mmoja peke yake na taa yake. Kitu kimoja tu cha kikundi tusikipeleke nyumbani: faini. Nyumbani hakuna faini.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagueni siku na saa. Chukueni wakati ambao tayari mna desturi ya kuketi, kwa mfano Jumapili jioni baada ya chakula. Msichague siku pesa zinapoingia, kwa sababu siku hiyo kila mtu ni tajiri. Wala msichague siku mdai amebisha hodi. Na msihesabu mtu akiwa na njaa, amechoka sana au amekunywa.

2. Jibuni maswali matatu, kwa mpangilio huu kila wiki:
(a) Tuna nini? Pesa za mkononi, za kwenye simu, na akiba iliyo kwa kikundi.
(b) Tunadaiwa nini? Dukani, kwa jirani, kwa kikundi, kwenye simu, shuleni.
(c) Wiki hii kitaingia nini, na kitatoka nini?

Tunaanza na kile tulicho nacho ili moyo utulie. Hata kama ni shilingi 200, ni zetu. Ukianza na madeni, mwenzako ataondoka kabla hamjafika nusu.

3. Amueni jambo moja. Moja tu. Wiki hii tulipe Fuliza. Au, wiki hii tuongee na mwalimu juu ya karo. Mkiamua mambo saba, hakuna litakalofanyika, na wiki ijayo mtaona aibu kuketi tena.

4. Fungeni daftari. Dakika 20 zikiisha, hata kama kuna swali limebaki, liandikeni lingoje wiki ijayo. Ni afadhali kuacha swali moja kuliko kukesha mkizozana.

Na kuna sheria moja ya mezani: tunauliza "nini", hatuulizi "nani". Ukisema, "Ni nani alikula ile elfu moja?" umeshafungua kesi, na mwenzako atajitetea kama mshtakiwa. Sema, "Ile elfu moja ilifanya kazi gani?" Utajibiwa kwamba mia nne zilienda kwa dawa ya mbuzi, mia tatu kwa kalamu na vitabu, na zilizobaki zimesahaulika. Basi, andika "tumesahau 300" na uendelee. Wiki ijayo mtakumbuka zaidi kwa sababu mnajua kwamba mtaandika.

MFANO WA DAFTARI

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Mama anauza mboga, baba anafanya vibarua, na wana watoto wanne. Ukurasa wao wa wiki moja unaweza kuwa hivi:

Tuna nini:
Mkononi 1,850/=
Kwenye simu 0/=
Akiba ya kikundi 4,800/= (haiguswi)

Tunadaiwa nini:
Dukani 1,150/=
Fuliza 420/=
Mkopo wa kikundi 2,000/=
Karo iliyobaki 3,500/=
Jumla 7,070/=

Wiki hii kuingia:
Mboga 900/=
Kibarua 1,500/=
Jumla 2,400/=

Wiki hii kutoka:
Chakula na mafuta 1,300/=
Kusaga mahindi 120/=
Akiba ya kikundi 200/=
Kurudisha mkopo wa kikundi 500/=
Jumla 2,120/=

Uamuzi: Kesho tuweke pesa kwenye simu tumalize Fuliza.

Kwa nini Fuliza kwanza, na karo ndiyo deni kubwa? Kwa sababu madeni hayafanani. Mwenye duka hukuandikia kile ulichochukua, haongezi kitu kwa sababu umelala usiku mmoja zaidi. Mkopo wa kikundi una ratiba yake mnayoijua. Lakini Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, hukata asilimia 1 unapoichukua, halafu siku zinavyokwenda inaweka ada ya kila siku mpaka umalize. Deni linalokua ukiwa umelala ndilo la kuuawa kwanza, hata kama ni dogo. Na kuweka pesa kwenye simu kwa wakala ni bure.

Tena tazama kwamba wiki hii zitabaki shilingi 280. Bila daftari, 280 hizi zingepotea bila mtu kujua zilikokwenda. Sasa wamezijua. Zikienda shuleni kama sehemu ya karo, mwalimu ataona mtu anayejitahidi, na mtu wa namna hiyo husikilizwa.

PESA ZINAZOJIFICHA KWENYE SIMU

Siku hizi pesa nyingi hatuzigusi kwa mkono. Zinaingia kwa simu na kutoka kwa simu, kwa hiyo mara moja kwa mwezi someni ujumbe wa M-Pesa wa mwezi mzima. Kila ujumbe unaonyesha ada iliyokatwa na salio lililobaki. Angalieni mambo mawili.

La kwanza ni zile pesa zilizotumwa zikafika pungufu. Mtoto aliye Mombasa anatuma 2,000, na mama anaona 1,570. Mama anampigia simu, "Mbona umetuma kidogo?" Mtoto anakasirika, maana ametuma zote. Kumbe kulikuwa na Fuliza ya 430, na pesa yoyote inayoingia hulipa deni hilo kwanza. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Ujumbe ulikuwa ndani ya simu siku ile ile, ila haukusomwa.

La pili ni ada za kutoa. Kwa ada zilizowekwa mwaka 2023, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala wa M-Pesa ni shilingi 29. Sasa tufanye hesabu. Anayetoa 300 mara nne kwa wiki analipa 29 mara nne, yaani 116. Anayetoa 1,200 mara moja analipa 29 tu. Tofauti ni 87 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 348. Ada hubadilika, kwa hiyo someni bango la wakala wenu. Na kama nyumbani hakuna mahali salama pa kuweka pesa, fikirini hilo pia kabla ya kutoa nyingi kwa wakati mmoja.

Hiyo 348 si kitu kidogo. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina mchango wa chini wa shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba isiyo na mshahara, na hutakiwa kulipwa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Ukisikia 3,600 kwa pamoja, unakata tamaa. Ukigawanya kwa wiki 52, ni kama shilingi 70 kwa wiki. Mzigo wa mwaka unabebeka ukigawanywa, lakini hauwezi kugawanywa na mtu ambaye hajauangalia.

DAFTARI LA DUKANI

Wengi wetu tunachukua vitu dukani kwa kuandikiwa. Si aibu. Shida ni kungoja miezi mitatu ndipo mlinganishe. Wewe unasema 900, mwenye duka anasema 1,400, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Linganisheni kila wiki. Kitu cha juzi wote wawili mnakikumbuka, na kosa la kalamu linasahihishwa kwa kicheko.

KAMA HUJUI KUANDIKA

Usiache. Chukua sahani tatu na nafaka. Mahindi ni pesa tulizo nazo, maharagwe ni madeni, ndengu ni zile zinazotarajiwa wiki hii. Kila punje ni shilingi 100. Zimwage mezani utazame. Deni likilipwa, ondoa maharagwe yake mbele ya watoto. Hata mzee asiyejua kusoma ataona kwa macho yake kwamba sahani ya maharagwe inapungua, na hiyo inatia moyo kuliko maneno mengi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuwa katibu wenu, na yeye atajifunza.

Anayeishi peke yake, mjane au kijana, anaweza kupatana na mwanakikundi mmoja anayemwamini. Si lazima amwonyeshe hesabu zake. Kila mmoja amuulize mwenzake tu, "Umeketi na daftari wiki hii?" Inatosha.

MKIRUKA WIKI

Mtaruka. Kutakuwa na msiba, kupanda, au ugonjwa. Msianze kukumbuka pesa za wiki zote zilizopita, maana kazi hiyo ndiyo inayowafanya watu watupe daftari. Fungueni ukurasa mpya, andikeni tarehe ya leo, muulize maswali yale matatu. Daftari lenye kurasa 30 kwa mwaka ni zuri. Si mtihani.

Kila muhula wa shule ukikaribia kwisha, ongezeni dakika chache mwangalie mbele: karo ya muhula ujao, mbegu, SHA, na michango ya ukoo mnayoitarajia.

NYUMBA ISIYO NA AMANI

Lazima niseme na hili. Kuna nyumba ambazo kufungua daftari la pamoja kunaweza kuleta vipigo, au pesa za mama kunyang'anywa. Kama ni kwako, usianze na meza ya pamoja. Weka hesabu yako kichwani au kwa mtu unayemwamini, na acha akiba yako ibaki kwa kikundi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja pia dhuluma ya kiuchumi, si vipigo peke yake. Unaweza kupiga simu 1195 bila malipo. Na viongozi wa vikundi, mama akikataa kueleza hesabu za nyumbani kwake mbele ya watu, msimlazimishe. Labda ana sababu.

MWISHO

Daftari halizai pesa. Mvua ikikosa, imekosa, na kibarua kikikosekana hakuna hesabu itakayokileta. Lakini watu walioketi wiki kumi mfululizo wanajua wanadaiwa nini, na nani, na lini. Shida ikija inawakuta wakiwa upande mmoja wa meza. Hiyo peke yake inaweza kuokoa gunia la ndengu, na wakati mwingine inaokoa nyumba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, watu huhesabu pesa za nyumbani wakati gani? Nini hutokea?
2. Ni siku gani na saa gani inafaa kwa nyumba zetu, na kwa nini?
3. Ni madeni gani yanayokua tukiwa tumelala? Ni yapi hayakui?
4. Kikundi kinaweza kumsaidiaje mwanachama asiyejua kuandika?
5. Tutafanya nini ili siri za nyumba ya mtu zisitoke nje?

Kazi kabla ya mkutano ujao: kila mmoja aketi mara moja tu, dakika 20, ajibu maswali matatu na kufanya uamuzi mmoja. Mkikutana, msiulizane mna shilingi ngapi. Ulizaneni, "Uliamua nini, na imefanyika?"